Tafakari ya Dominika ya 32, Mwaka B: Kila Mkono Ufike Altareni



Dominika hii Mama Kanisa anatukutanisha na wajane wawili. Wa kwanza anaishi Sarepta, mji wa pwani katika nchi ya Sidoni. Amebakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo chupani, na anaokota kuni ili apike chakula cha mwisho, ale yeye na mwanawe, kisha wafe (1Fal 17:10-16). Wa pili yuko hekaluni Yerusalemu, katikati ya msongamano wa watu wenye fedha, naye anatumbukiza sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina (Mk 12:38-44). Maandiko hayatutajii jina la yeyote kati yao. Mmoja si hata Mwisraeli. Mwingine hasemi neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo Yesu anawaita wanafunzi wake waje karibu, awaonyeshe alichokiona kwa mama huyo.

Kati ya wajane hao limewekwa somo kutoka Waraka kwa Waebrania (9:24-28), linalotukumbusha kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, na sadaka yake inatosha kwa wote. Hapo swali linazaliwa. Kama sadaka ya Kristo inatosha, kikapu kinachopita kwenye mabenchi yetu ni cha nini? Na yule bibi anayetoka kigangoni kwa miguu, mayai manne yamefungwa kwenye ncha ya khanga, anamwongezea Mungu nini?

Hamwongezei kitu. Mungu hana upungufu unaosubiri mayai manne. Anayeongezewa ni bibi: anapata mahali pake katika sadaka ile moja ya Kristo. Akifika altareni na kile alichokitoa nyumbani kwake, maisha yake ya wiki nzima yamefika pamoja naye. Hilo ndilo ninalotaka tulishike leo: sadaka ya mwamini ni mlango wa kuingilia katika ibada, nasi tujihadhari isije ikageuzwa kiingilio.

Tuangalie kwanza thamani ya zile sarafu. Marko anasema lepta mbili zilikuwa sawa na kodrante moja ya Kirumi. Kodrante 64 zilifanya dinari moja, na dinari, kama tunavyoona katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:2), ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Tuiweke katika fedha yetu. Kama kibarua analipwa shilingi 6,400 kwa kutwa, mama yule alitoa shilingi 100, tena kwa sarafu mbili za hamsini hamsini. Ni fedha ambayo wengi wetu tungeona haya kuidondosha kikapuni mbele ya jirani. Mapokeo ya Kiyahudi yaliyoandikwa katika Mishna yanasema hekaluni palikuwa na masanduku 13 yenye umbo la baragumu, kila moja na kazi yake: ya kodi ya shekeli, ya njiwa, ya kuni, ya ubani, ya dhahabu, na mengine sita ya hiari. Katika masanduku yote hayo, sarafu zile mbili zisingebadilisha hesabu ya mwisho wa siku. Yesu anasema zilizidi zote, kwa sababu wengine walitoa katika ziada, naye alitoa alichokuwa akitegemea kuishi.

Tunaipenda sana sehemu hii ya Injili inapofika siku ya harambee ya ujenzi. Lakini anayeisoma aanze pale somo linapoanza. Aya chache kabla ya mjane kutokea, Yesu anawaonya watu wajihadhari na walimu wa Sheria wanaopenda kutembea na kanzu ndefu, kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, huku wakila nyumba za wajane na kusali sala ndefu za kujionyesha. Mara baada ya mjane kutoa, sura inayofuata inaanza na utabiri kwamba hekalu lile lote litabomolewa, lisibaki jiwe juu ya jiwe. Mjane amesimama katikati ya hukumu mbili. Na Yesu, aliyemsifu kwa ukubwa wa toleo lake, hakuwageukia maskini wengine waliokuwa hekaluni akawaambia wafanye vivyo hivyo. Wapo wafafanuzi wa Maandiko wanaosikia hapa sifa, na wapo wanaosikia huzuni ya Bwana kwa mama aliyebaki bila kitu wakati viongozi wa dini wameshiba. Nadhani yote mawili yamo. Kwa hiyo mhubiri yeyote anayemtumia mjane huyu kuwakamua wajane wengine amesimama upande wa wale wenye kanzu ndefu.

Tumtazame basi Eliya. Naye alimwomba mjane chakula chake cha mwisho, tena akamwambia amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo. Ombi hilo peke yake lingekuwa katili. Lakini nabii hakuuchukua mkate akaenda zake. Lile pipa la unga halikupunguka, na wakala siku nyingi, yeye mjane, nabii na jamaa ya nyumbani. Eliya alikaa katika nyumba ile. Baadaye mtoto wa mama huyo alipougua na kufa, ni Eliya aliyemchukua mikononi na kumlilia Mungu mpaka uhai ukamrudia. Aliyepokea toleo la mjane alishiriki pia njaa yake na msiba wake. Sisi mapadre, makatekista na viongozi wa parokia tunaokula sadaka ya waamini, tupimwe kwa kipimo hicho.

Sheria ya Musa ilikwisha kulifikiria jambo hili mapema. Katika sura ya 5 ya Walawi, mwenye kosa anatakiwa kuleta kondoo au mbuzi. Asipoweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na hata hao wakimshinda, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, bila mafuta wala ubani. Sheria haikumwambia maskini akae pembeni atolewe na wengine. Ilimpunguzia kipimo ili naye afike. Ndiyo maana Mtakatifu Luka anatuambia kwamba Bikira Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni, walitoa ndege wawili (Lk 2:24): toleo ambalo Sheria ilimruhusu mama asiye na uwezo wa kununua mwanakondoo (Law 12:8). Bwana wetu aliingizwa katika nyumba ya Baba yake kwa sadaka ya watu wa hali ya chini, na haikukataliwa.

Kanisa la mwanzo lililishika fundisho hilo. Mtakatifu Yustino Mfiadini, akiandika huko Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza ibada ya Dominika: mkate, divai na maji vinaletwa, kisha wenye uwezo wanatoa kwa hiari yao, kila mtu kiasi alichoamua mwenyewe, na makusanyo yanawekwa kwa kiongozi wa ibada. Yeye ndiye anayewasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tuone mpangilio huo. Mjane ametajwa miongoni mwa wanaopokea. Katika taarifa hiyo fupi, kazi inayotajwa ya makusanyo ni kuwatunza wenye shida.

Karibu miaka 100 baadaye, katika bara letu la Afrika, Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago katika nchi ambayo leo ni Tunisia, alimkemea mama mmoja tajiri. Kosa la mama huyo lilikuwa kuja katika meza ya Bwana bila toleo lolote, halafu akapokea sehemu ya kile kilicholetwa na maskini. Kwa Sipriani hiyo ilikuwa aibu. Mkate uliokuwa unawekwa wakfu ulitoka katika nyumba za waamini. Tajiri aliyekuja mikono mitupu alikuwa akilishwa na fukara. Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste katika Algeria ya leo, alikuwa na mazoea ya kubeba uji, mkate na divai hadi kwenye makaburi ya mashahidi. Alipohamia Milano akazuiwa mlangoni, kwa kuwa Askofu Ambrosi alikuwa amekataza desturi hiyo. Monika hakununa. Badala ya kikapu akaleta sala, na alichokuwa nacho akawapa maskini. Augustino anashuhudia kwamba mama yake hakuacha siku ipite bila kupeleka toleo lake altareni.

Ninalolipenda kuliko yote linatoka Roma, mnamo mwaka 700. Kitabu cha taratibu za Misa ya Papa cha wakati huo kinaeleza jinsi Papa mwenyewe alivyoshuka kutoka kiti chake kupokea mikate kutoka mikononi mwa watu, huku shemasi mkuu akipokea vichupa vyao vya divai na kuvimimina katika kikombe kikubwa. Makleri nao walitoa, na Papa pia. Ilibaki shule ya waimbaji, iliyojulikana pia kama nyumba ya yatima. Wao walileta maji, kwa mkono wa kiongozi wao, na maji hayo yakachanganywa na divai ndani ya kikombe. Maji hayanunuliwi kwa bei kubwa, lakini bila hayo kikombe hakikukamilika.

Desturi hiyo ilififia taratibu. Kanisa la Magharibi lilipoanza kutumia mkate usiotiwa chachu, mkate wa nyumbani haukufaa tena kwa altare, na fedha ikachukua nafasi yake. Kwa karne nyingi mwamini wa kawaida akawa mtazamaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waamini wasihudhurie kama wageni walio kimya, na maandamano ya matoleo yakarudi. Maelekezo ya Misale ya Roma, katika namba 73, yanasifu waamini wanapoleta wenyewe mkate na divai, ingawa siku hizi havitoki nyumbani kwao, na yanakubali fedha na vitu vingine kwa ajili ya maskini na Kanisa, viwekwe mahali panapofaa, nje ya meza ya Ekaristi.

Majirani zetu wa Kongo walikwenda mbali zaidi. Misale yao, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, ina maandamano ya matoleo yanayochezwa. Lakini lenye uzito zaidi ni hili: tendo la kutubu halipo mwanzoni mwa Misa. Limewekwa baada ya mahubiri na Nasadiki, likifuatwa na kupeana amani, na ndipo matoleo yanapopelekwa. Ndugu zetu wameliweka neno la Bwana katika mpangilio wa ibada: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, nenda ukapatane naye kwanza (Mt 5:23-24). Sisi tusiotumia misale hiyo hatujasamehewa agizo hilo. Kuku aliyepelekwa altareni na mtu asiyesalimiana na shemeji yake mwaka wa tatu, bado anadai safari ya kwenda kwa shemeji.

Turudi katika parokia zetu. Tunayo mambo mazuri ya kumshukuru Mungu. Msimu wa mavuno, mahindi, maharage, mihogo na mikungu ya ndizi hujaa mbele ya altare. Mjini huja ndoo zenye sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula. Baada ya Misa kuna mnada, kuku mmoja anauzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha, watu wanacheka, na kigango kinapata bati. Wapo wanaosomba mawe na mchanga, wanaofua vitambaa vya altare, wanaofagia kanisa alfajiri ya Jumamosi bila kutangazwa. Katika kitabu cha Kutoka, wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema takatifu (35:25-26), na matoleo yakazidi hata Musa akatangaza kambini kwamba imetosha, watu waache kuleta (36:5-7). Ni tangazo ambalo parokia zetu bado zinalisubiri.

Yapo pia ya kusahihisha. Zamu ya jumuiya kuandaa matoleo ikifika, kila kaya hupangiwa kiwango. Nia ni njema. Lakini katika kila jumuiya kuna kaya ambazo kiwango hicho ni chakula cha siku mbili, na Dominika hiyo hazionekani kanisani. Hakuna aliyezifukuza, zimekaa nyumbani kwa haya. Tumekusanya kikapu kizuri kilichopambwa kwa karatasi za rangi, na katika kukikusanya tumempoteza mwenye sarafu mbili. Hapo toleo limekwisha kuwa kiingilio. Vivyo hivyo tunapowasomea watu majina na viwango hadharani, au mgonjwa anapoulizwa kadi ya zaka kabla ya kuulizwa hali. Sheria ya Kanisa inaagiza waamini walitegemeze Kanisa lao, na huo ni wajibu wa kweli (kanuni ya 222). Sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 848, inaagiza mhudumu asidai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya kiasi kilichowekwa na mamlaka halali, na ahakikishe daima kwamba mhitaji hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni hizi mbili zisomwe pamoja.

Mbona kwenye msiba tunaweza? Mmoja anakuja na mchele, mwingine na rambirambi, mwingine anapasua kuni, mwingine anachota maji na kuosha vyombo hadi usiku, na hakuna anayejiona hana la kuleta. Kamati ya msiba ina daftari, lakini hakuna anayezuiwa kulia na wafiwa kwa kuwa jina lake halimo. Ustaarabu huo tayari ni wetu. Tuuingize kanisani.

Kwa upande mwingine, tusijifiche nyuma ya mjane. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo haikusema kutoa ni maneno. Mfalme Daudi alipopewa bure uwanja na ng'ombe wa kutolea sadaka, alikataa akalipa, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2Sam 24:24). Nabii Malaki aliwakemea waliopeleka wanyama vipofu na vilema (1:8). Siku hizi mnyama kipofu wetu ni ile noti iliyochanika, iliyokataliwa dukani na kwenye daladala, ambayo inapata makazi katika kikapu cha Dominika. Mwenye gari, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye mshahara wa uhakika anayetoa shilingi 1,000 kila wiki na kusema Mungu anaangalia moyo, amesema kweli: Mungu anauangalia huo moyo.

Wapendwa, nawaomba mambo machache ya kufanya. Viongozi wa jumuiya, zamu ya matoleo ikifika, msianze na kiwango. Anzeni kwa kuuliza kila kaya ina nini, na kisichoweza kununuliwa kiruhusiwe kubadilishwa na kazi ya mikono. Fungu la mayai au la mchicha lipelekwe altareni na aliyelileta, si na vijana waliochaguliwa kwa sababu sare zao zinapendeza. Wanaotoa kwa simu wanatoa kweli. Nao waalikwe kushika kikapu na kuandamana. Sisi mapadre na kamati za fedha, tusome mapato na matumizi waziwazi, na katika matumizi hayo lionekane fungu la wajane, yatima na wagonjwa, kama lilivyoonekana kwa Yustino. Parokia ambayo maskini hutoa kila wiki na hawapokei kamwe, bado haijaisikia Injili ya leo.

Wazazi, mwacheni mtoto atoe cha kwake. Sarafu anayopewa mlangoni mwa kanisa aitumbukize ni ya baba. Afundishwe kutenga kidogo katika alichopewa kununulia maandazi, au awe ndiye aliyemlisha yule kuku. Mvulana mmoja alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili (Yn 6:9), na Bwana hakuuliza ni vya familia gani.

Na wewe uliyekaa nyumbani Dominika iliyopita kwa sababu hukuwa na mchango, sikia neno hili kwa ajili yako. Hakuna mtu mwenye haki ya kukuzuia, wala wewe huna sababu ya kujizuia. Njoo na ulicho nacho, hata kama ni maji ya kikombe. Kama huna kabisa, njoo upokee, maana fungu lile ni lako, na kesho utakuwa na lako la kuleta. Aliyejitoa mara moja kwa ajili ya wote alijitoa kwa ajili yako pia, nawe una mahali pako katika maandamano yale.